Ma-DJ wa Kasulu na Kibondo, Acheni Kuvunja Pini ya Ethi!

Jina kapuni, ila wanaozijua harusi za Kasulu na Kibondo watamtambua haraka. Ni DJ mkali, ana mashabiki wake, na majuzi alitoka Kasulu na vyombo vyake kwenda kupiga kwenye sherehe moja Kibondo. Kila kitu kilikuwa safi. Kumbe bado! Alipounganisha kompyuta na amplifaya tu, spika zikaanza: vuuuuum! Maharusi wako mlangoni, MC anajichekesha, wageni wananong'ona kuwa DJ kaleta spika mbovu.

Fundi wake akachukua koleo, akavunja pini ndefu ya plagi ya amplifaya, akafungua tundu la soketi kwa kalamu, akachomeka. Kimya. Watu wakashangilia, klipu ikazunguka WhatsApp, fundi akaitwa kichwa.

Sasa ukweli usemwe: walichoshangilia ni hatari tupu.

Mvumo ule si uchawi wala si spika mbovu. Kompyuta ilikuwa kwenye soketi ya ukuta huu, amplifaya kwenye soketi ya ukuta wa pili. Kila kimoja kina ethi yake, halafu waya wa sauti ukaviunganisha tena. Hapo limeshatengenezwa duara. Ethi za soketi hizo zikitofautiana hata kidogo, umeme mdogo unazunguka kupitia waya wa sauti. Na kwa kuwa umeme wa Tanzania unapiga mara 50 kwa sekunde, spika zinatoa mlio mzito hata muziki ukizimwa.

Ethi haipo kwa urembo. Waya wa moto ukigusa bodi ya chuma ya amplifaya, ethi inaupeleka umeme ardhini na fyuzi inakata. Ukiiondoa, bodi inaweza kubaki na volti 230 bila mtu kujua. Maiki ya waya nayo chuma chake kimeunganishwa na bodi hiyo hiyo. Anayeishika ni nani? MC, bibi harusi, au baba mkubwa anayetoa nasaha akiwa amesimama kwenye nyasi zenye maji ya mvua.

Kuna watakaomtetea: "Muda ulikuwa umeisha, angefanyaje?" Angechomoa chaja! Kompyuta ikitumia betri na mvumo ukakata, mchawi kapatikana, na shughuli inaendelea. Usipokata, akague waya wa sauti wenyewe.

Betri ikiwa imechoka, achomeke kompyuta na amplifaya kwenye ekstensheni moja yenye ethi nzima, duara linakuwa dogo. Ikigoma bado, kuna kidude kinaitwa ayisoleta, kinakaa katikati ya waya wa sauti. Ndani kina transfoma ndogo, sauti inapita kwa nguvu ya sumaku bila waya za pande mbili kugusana. Kikae kwenye begi la kila DJ anayejiita profesheno.

Kinachotisha ni kwamba sherehe iliisha, lakini pini iliyovunjwa haikurudi. Amplifaya ile bado inazunguka harusi hadi harusi, na wikiendi hii itawashwa tena.

Mdau, DJ wa mtaani kwako akipata mvumo anachomoa chaja au anatafuta koleo? Dondosha komenti hapo chini.