Malka Itangulie Hatimiliki

Bunge la Kenya lilipopitisha Sheria ya Ardhi ya Jamii mwaka 2016, liliitunga kwa ajili ya nchi nzima, kutoka Turkana hata Kwale, wala hakuna kaunti hata moja iliyotajwa humo kwa jina. Walakini anayetaka kujua uzito wa sheria hiyo unaangukia wapi na aikunjue ramani ya Tana River, kaunti yenye eneo lisilopungua kilomita za mraba 35,000 na watu 315,943 kwa hesabu ya mwaka 2019, ambamo sehemu kubwa mno ya ardhi haina hati, haina mpaka uliopimwa, wala haina mwenyewe anayetambuliwa na daftari lolote la serikali, ilhali kila shubiri yake inajulikana na wanaoilima, wanaoilisha na wanaoipita.

Sheria yenyewe ni njema, na nasema hivyo kwa dhati. Wazee wa wazee wetu waliarifiwa na serikali ya kikoloni, kwa sheria za mwaka 1902 na 1915, kwamba ardhi waliyozaliwa juu yake ni mali ya Taji la Uingereza. Na uhuru ulipokuja, ardhi hiyo ikatiwa mikononi mwa halmashauri iishike kwa niaba ya wenyeji, na wenyeji wakabaki wakiomba ruhusa ya kuishi kwao. Katiba ya 2010, katika Ibara yake ya 63, iliigeuza amri hiyo: ardhi ya jamii ni ya jamii, na ile ambayo haijasajiliwa serikali ya kaunti ni mdhamini wake tu. Sheria ya 2016 ikaongeza kwamba mdhamini huyo hana idhini ya kuiuza, kuihawilisha wala kuigeuza kuwa milki ya mtu binafsi, na kwamba fidia yoyote itakayolipwa kwa ardhi itakayotwaliwa na dola kabla ya usajili iwekwe katika akaunti maalumu yenye kuzaa faida, mpaka siku jamii itakapoandikishwa na kukabidhiwa haki yake. Mwenye kuisoma kwa insafu hawezi kukana kwamba waliotunga maneno haya walikusudia heri.

Lakini heri hiyo inakutana na swali moja ambalo Nairobi haikulijibu, nalo ni hili: jamii ni nani? Sheria inasema jamii ni kundi la raia wanaoitumia ardhi kwa pamoja, na ambao wanashirikiana nasaba, au mila na namna ya kujipatia riziki, au maslahi, au mahali wanapokaa, au kabila. Mpana mno mlango huu, na penye watu wa aina moja na maisha ya aina moja upana wake haudhuru. Kule Laikipia, jamii za Il Ngwesi na Musul, ambazo zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuandikishwa, zilikuwa tayari na ranchi za vikundi zenye mipaka na orodha za wanachama, na kazi iliyobaki ilikuwa kuihamisha milki kutoka sheria ya zamani kwenda sheria mpya.

Sasa tuchukue Chewele, wadi ya eneo bunge la Bura katika Tana River. Katika sehemu hizo za Bura, kando ya mto wamo wakulima wa Kipokomo, wa Kimunyoyaya na wa Malakote, ambao mashamba yao yameshikamana na ukingo kwa kuwa ndiko maji yanakofika. Nyuma yao, katika nyika inayotanda mpaka upeo wa macho, wamo Waorma na Wawardei na ng'ombe wao, ambao wakati wa mvua huenda mbali na wakati wa kiangazi hawana budi kuurudia mto. Na wamo Waata, ambao tangu kale waliishi kwa uwindaji na ambao katika mabaraza aghalabu hukumbukwa mwisho. Juu ya hao wote kuna wakulima wa mradi wa unyunyizaji wa Bura, mradi uliobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ukakusudiwa kumwagilia hekta 6,700 ukaishia kwenye kiasi cha 2,500, na ambao ulileta familia kutoka kila pembe ya Kenya tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Watoto waliozaliwa katika vijiji vya mradi leo ni watu wazima wenye watoto wao, na hawajui kwao kwingine. Je, hao ni jamii kwa sababu ya mahali wanapokaa, au ni wageni kwa sababu ya nasaba? Sheria inaruhusu majibu yote mawili, na ardhi ni ile ile moja.

Wanaoishi hapa walipata jawabu lao kabla ya sheria zote hizi, na jawabu hilo ni malka. Malka ni njia ya mifugo iteremkayo kutoka nyikani, ikapita kati ya shamba na shamba, mpaka kwenye maji. Ukisimama juu ya ukingo wakati wa jua kali utaiona dhahiri: udongo uliosagwa na kwato ukawa vumbi jepesi la rangi ya majivu, upande huu mahindi yaliyokwisha kubeba, upande ule migomba na miembe, na baina yake ua wa miiba uliowekwa na mkulima. Mchungaji mmoja hutangulia mbele ya kundi na wenzake hulinda pande mbili, kwani ng'ombe aliyeshinda siku mbili na kiu akisikia harufu ya maji hana habari ya mahindi ya mtu. Wazee wa Gasa kwa upande wa Wapokomo, na wa Matadheda kwa upande wa Waorma, walikuwa wakikutana kuamua malka gani ifunguliwe na lini, mifugo ipite saa ngapi, na fidia ya shamba lililokanyagwa iwe nini. Haki ya mchungaji juu ya njia hii si umiliki, wala haki ya mkulima juu ya shamba lililo pembeni haimpi mamlaka ya kuifunga. Ni haki mbili zilizolala juu ya ardhi moja, na kila moja inamsitiri mwenziwe.

Hapo ndipo hatimiliki inapokuwa hatari. Hati hutaka mstari, na mstari hutaka mwenye ndani na mwenye nje. Ikiwa jamii ya wakulima itaandikishwa kwa ukanda wote wa mto, na jamii ya wafugaji kwa nyika yote, basi kila mmoja atakuwa amepewa haki kamili juu ya nusu ya maisha yake, kwa maana mfugaji hatakuwa na maji na mkulima hatakuwa na pa kukimbilia mto ukifurika. Ni kweli kwamba sheria inaipa jamii iliyosajiliwa uwezo wa kumruhusu asiye mwanachama kulisha mifugo yake. Lakini ruhusa hutolewa kwa masharti, na anayeitoa aweza kuinyima. Kiu ya ng'ombe elfu haiwezi kungojea kikao cha kamati.

Haya si mambo ya kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilikuja Tana River na mpango wa kuainisha na kugawa ardhi ya kando ya mto kwa hati za watu binafsi; Wapokomo wengi waliupokea kwa furaha, wakiuona ndio ulinzi wa mashamba yao, na Waorma wengi waliukataa, wakiona kwamba ndio mwisho wa malka. Mwaka 2001 watu wakauana, na waliokufa walizidi 100. Agosti 2012 tukarejea pale pale: asubuhi ya tarehe 22, katika kijiji cha Riketa, waliuawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, na kisasi kikafuata kisasi mpaka maiti wakapindukia 100 kwa mara ya pili katika muda usiotimia miaka kumi na miwili. Zilitajwa siasa, zikatajwa silaha, zikatajwa hesabu za kura za ugavana uliokuwa unakuja. Na yote hayo yalikuwamo. Lakini kuni zilizowaka zilikuwa ni maji na majani, na njia ya kuyafikia.

Wala serikali kuu haina mikono safi katika habari hii. Mwaka 1995 mamlaka yake ya maendeleo ya mito Tana na Athi, TARDA, ilipewa hati ya zaidi ya hekta 28,000 katika delta ya Tana, ambako watu walikuwa wakilima mpunga na kulisha ng'ombe tangu zama zisizoandikwa. Baada ya hapo yakafuata makusudio ya miwa, ya mafuta ya mbono, na mwaka 2008 zikavuma habari za kuikodisha Qatar hekta 40,000. Wakazi wa delta, wakulima na wafugaji pamoja, walikwenda mahakamani, na Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi akaiamuru serikali iandae mipango ya matumizi ya ardhi ya delta kwa kuwashirikisha wakazi wenyewe. Mpango ukatungwa, na vijiji vikakaa kuuzungumza, wakulima na wafugaji katika meza moja. Hili ndilo jambo jema kuliko yote yaliyotokea katika ardhi ya Tana River tangu uhuru, kwa rai yangu, na inasikitisha kwamba linatajwa kidogo kuliko vita.

Msomaji ataniuliza kwa nini sheria ya nchi nzima itiwe pambizo kwa ajili ya kaunti moja. Nitamjibu kwa habari ya mbali. Mwaka 1980 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mahsusi kwa jimbo moja, Maine, ili kumaliza dai la Wapenobscot na Wapassamaquoddy, wenyeji wa asili waliosema kwamba sehemu kubwa ya jimbo hilo ilichukuliwa kwao kinyume cha sheria. Walilipwa dola milioni 81.5, na nyingi kati yake zikawa za kununua tena ardhi. Lakini ndani ya sheria hiyo mlikuwa na kifungu kisemacho kwamba sheria za taifa zitakazotungwa baadaye kwa manufaa ya wenyeji wa asili, kama zitagusa mamlaka ya jimbo, hazitafanya kazi Maine illa Bunge litamke hivyo waziwazi. Matokeo yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 40 neema nyingi zilizowafikia ndugu zao katika majimbo mengine ziliwapita wao. Na mwaka 2022 jaribio la kukirekebisha kifungu hicho lilipita katika Baraza la Wawakilishi likakwama kwenye Seneti. Sheria mahsusi inaweza kuwa pingu ikiandikwa na wenye nguvu pasipo wenye haki. Hata hivyo sheria ya jumla nayo inaweza kushindwa kufika, na hilo ndilo lililotupata sisi: hatukutengwa na kifungu chochote, ila tumeachwa nje na hali zetu, kwa kuwa utaratibu ulitengenezwa kwa watu wenye mpaka.

Basi sitaki Bunge litutungie sheria ya peke yetu. Nataka kanuni ya kazi, na mamlaka ya kuifuata yamo tayari mikononi mwa kaunti na Wizara ya Ardhi: katika Tana River isitolewe hati ya jamii yoyote kabla malka zote za eneo hilo hazijapimwa, zikapewa majina yale yale wanayoziita wenyeji, na kuingizwa katika daftari kuwa haki ya kupita na kunywesha kwa wote, haki isiyoweza kufutwa na kamati ya jamii yoyote itakayosajiliwa kando yake. Vivyo hivyo ziandikwe sehemu za juu ambazo wakulima hukimbilia mto unapojaa. Ukishamaliza hayo, mipaka mingine itavumilika, maana itakuwa haimnyimi mtu uhai.

Kazi hii haitaki hekima ngeni. Sheria ya 2016 iliziamuru serikali za kaunti ziandae orodha ya ardhi yote ya jamii isiyosajiliwa na kuiwasilisha kwa Waziri katika muda wa miezi 18, na orodha hiyo ndiyo mahali pa kuanzia, kwa sharti kwamba asiiandike mtu aliyeketi ofisini Hola, makao makuu ya kaunti, bali waende wapima ardhi pamoja na wazee wa pande zote, wapite kila malka kwa miguu tangu nyika hata maji. Watakuta nyingine zimezibwa na mathenge, mti ulioletwa Bura wakati wa mradi kwa ajili ya kuni na kivuli, na ambao sasa umefunga njia zilizokuwa wazi kwa vizazi. Palipozibwa pafyekwe kwanza, kwa sababu njia isiyopitika itaandikwa kuwa haipo. Watakuta nyingine zimelimwa, na hapo ndipo baraza liketi, na wanawake waketi humo kwa idadi ya maana, kwani wao ndio wateremkao mtoni kila siku na wanaijua njia kuliko anayeidai.

Katiba inataka wananchi washirikishwe katika bajeti, na vikao vya kuwasikiliza huitishwa katika wadi zetu. Katika kikao kijacho cha Chewele, na cha Garsen kadhalika, neno hili liulizwe kwa sauti na lijibiwe kwa tarakimu: ni fedha kiasi gani zimetengwa kwa upimaji wa malka mwaka huu, na ni malka ipi itakayoanza.