Bukavu: Idara za Kiingereza za vyuo vikuu zionyeshe wakaaji kazi ya walimu wao

Walimu wa vyuo vikuu vya Kivu wanasikika redioni wakati wa mgomo, kisha wanasikika tena siku ya kugawa diploma. Kati ya siku hizo mbili, wakaaji hawajui wanafanya nini. Kwa idara za Kiingereza, kimya hicho kinaumiza jimbo zima. Dawa yake haiombi pesa nyingi: kila mwisho wa mwaka wa masomo, idara itangaze mbele ya watu kazi ambayo walimu wake wamefanya.

Tuchukue mfano wa ISP Bukavu, chuo ambacho kimeandaa walimu wengi wa sekondari wa Kivu ya Kusini. Kina idara ya Kiingereza na Utamaduni wa Kiafrika. Kina pia kituo cha utafiti, CERUKI, chenye jarida lake, Cahiers du CERUKI. Katika vyuo vya Kongo, makala za namna hiyo ndizo zinazomsaidia asistanti kupanda cheo na kuwa shefu wa kazi, halafu siku moja profesa. Lakini makala ikishaingia katika dosie ya kupandishwa cheo, ni nani mwingine anaisoma? Mwalimu wa Kiingereza wa Walungu au Kalehe, mwenye darasa lililojaa na kitabu kimoja cha kuazima, hana njia ya kujua kama kuna mtu Bukavu aliyechunguza tatizo lilelile analopambana nalo kila asubuhi. Wanafunzi wake nao watakutana na Kiingereza katika mtihani wa taifa.

Na Kiingereza si somo la darasani tu. Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako kazi nyingi za ofisi zinafanyika kwa lugha hiyo. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya mambo ambayo dunia inasoma juu ya vita, madini na wakimbizi wa Kivu imeandikwa kwa Kiingereza. Ni ripoti zinazozungumzia vijiji vyetu, lakini wakaaji wa vijiji hivyo hawawezi kuzisoma wala kusema wapi zimekosea. Mwalimu wa Kiingereza anayefupisha ripoti moja kwa Kiswahili na kuipeleka redioni amefanya kazi ya chuo kikuu, sawa na yule aliyechapisha makala. Idara itoe nafasi kwa kazi hiyo na kuihesabu.

Kuna sababu nyingine ya kutangaza majina. Mwaka 2020 kilitoka kitabu cha Bukavu Series, ambamo watafiti wa hapa walieleza namna wanavyokusanya habari vijijini, wakati mwingine kwa kuhatarisha maisha, halafu majina yao yanapotea pale kazi inapochapishwa Ulaya. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini ni vigumu kudai Ulaya iandike majina yetu ikiwa vyuo vyetu wenyewe haviyaandiki.

Tuone pia kilichotokea kwa vitabu. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefariki mwaka 2025, alifundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970 kabla ya kuondoka nchini. Kitabu chake The Invention of Africa, kilichotoka 1988 Marekani, ndicho kilichompa jina duniani kote, na aliandika kwa Kiingereza. Tram 83, riwaya ya Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi, iliandikwa kwa Kifaransa, na aliyeitafsiri kwa Kiingereza ni Roland Glasser, Mwingereza. Hakuna ubaya. Lakini idara ya Kiingereza ya Kongo ingepaswa kujiuliza kwa nini kazi ya namna hiyo haipitii mikononi mwake, wakati inao watu wanaojua lugha zote mbili na wanaojua pia mitaa inayosimuliwa.

Wengine watajibu kwamba huu si wakati wa kuwadai walimu ripoti. Hoja yao ina uzito. Kuna asistanti wanaofundisha miaka mingi bila kumekanizwa, wakiishi kwa prime inayotoka katika minervali ya wanafunzi. Goma na Bukavu zilipochukuliwa na M23 mwanzoni mwa 2025, banki zilifunga, na ndege zilizokuwa zinaleta maprofesa wageni hazikutua tena. Mtu anayetafuta chakula cha watoto hawezi kuandika kama mtu aliyeshiba.

Lakini ni hapo hasa tangazo linapomlinda mwalimu. Serikali na kamati za vyuo zinaweza kumsahau kwa urahisi mtu ambaye kazi yake haionekani. Mzazi anayelipa minervali naye atakuwa tayari zaidi kumtetea mwalimu akijua kwamba mwaka huo, katikati ya milio ya risasi, ameongoza memwari za wanafunzi, amewafuata kwenye staji katika sekondari za mbali, na bado amechapisha.

Tangazo lenyewe lisiwe la kujisifu. Liseme nani amechapisha, wapi na juu ya nini. Nani ametetea tezi ya udaktari. Memwari ngapi zimeongozwa. Shule zipi zimetembelewa. Nini kimetafsiriwa kwa faida ya wakaaji. Liseme pia kilichokwama na sababu yake. Liandikwe kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, libandikwe mlangoni mwa idara, lisomwe redioni, na nakala ipelekwe kwa maprefe wa sekondari. Ukurasa mmoja unatosha kwa kuanzia, na mkuu wa idara hahitaji ruhusa ya Kinshasa ili kuuandika.