Uzee wa Mwalimu Si Jambo la Sadaka

Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ili maprofesa wa Marekani wapate pensheni pasipo kuchangia. Fedha hizo, pamoja na wingi wake, hazikutosha; mwaka 1918 ukaundwa mfuko wa TIAA, ambamo mwalimu na chuo chake wote huchanga. Nasi tungali tunangoja wafadhili! Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba ujira wa haki humwezesha mfanyakazi kuweka akiba. Hapa Kongo, katika vyuo visivyo vya Serikali, CNSS hudai kwa pensheni asilimia 5 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi na 5 kutoka kwa mwajiri. Chuo kisichopeleka sehemu yake, hata kikiwa cha Kanisa, chamdhulumu mwalimu. Atakayeajiriwa humo na aulize namba yake ya CNSS mwezi wa kwanza, asingoje mvi.