Je, kelele ya telefone ni sauti ya watu?



Ijumaa iliyopita kulikuwa fujo nyuma ya darasa la sita. Juu ya nini? Juu ya WhatsApp. Kwa uchaguzi wa komite yetu, kundi lote lilikuwa linasema mtu wetu amekwisha kupita. Kura zikahesabiwa, akashindwa. Tukalia: « Bongo! Wametuiba! » Ndiyo, na sisi wa mwaka wa sita tulikuwa kati ya wenye kusukuma wale wawili waliohesabu.

Lakini ni nani alisema katika kundi lile? Ni wale wanaolala kwao, wenye telefone na makuta ya kununua mega. Wasichana wa interna hawana na telefone, ni amri ya masomo. Na wao njo wengi! Walinyamaza, siku ilipofika wakachagua.

Katika inchi ni vile vile. Tarehe 20 Desemba 2023 tuliona mama zetu wa shamba wamesimama kwenye mstari tangu asubuhi. Facebook ilisikia wapi shauri lao? Na mtu akituma habari moja katika makundi 20, tumhesabu watu wangapi? Ndugu wa Bruxelles na Paris wanasema kwa nguvu sana (mwaka ule walipewa ruhusa ya kuchagua, ni kweli), lakini ni wachache mbele ya watu wa vijiji.

Hatusemi telefone ni ya bure. Tarehe 30 Desemba 2018 inchi ilichagua, lakini Beni, Butembo na Yumbi waliambiwa wangoje mpaka Machi 2019. Kwa Beni na Butembo walisema ni Ebola na vita. Raisi aliapishwa Januari 24, wao hawajachagua. Basi watu wa Beni wakajifanyia uchaguzi wao, wakapanga mstari, wakatia karatasi katika sanduku. Hakuna aliyezihesabu katika matokeo, ila picha zilitembea. Kesho yake intaneti ikakatwa, karibu siku 20. Kama ilikuwa kelele tu, waliikata ya nini?

Kwa hiyo telefone inaweza kuonyesha jambo lililotokea. Kuhesabu watu, hapana.

Sheria ya uchaguzi inaomba karatasi ya hesabu ibandikwe mbele ya kila ofisi ya kura. Tunaomba komite ifanye vile kwa mlango wa kila darasa, na wenye telefone wapige picha ya karatasi ile.

Wale wawili, tunawaomba radhi. Shati lililopasuka tutalishona sisi.

Kapita, kwa jina la mwaka wa sita