Mtafuta kazi apewe hati yake ya utumishi

Natoa maoni yangu juu ya ndugu zetu wanaotafuta kazi mpya baada ya kuachishwa ile ya zamani, au baada ya mkataba kwisha. Mengi husemwa juu ya vijana waliomaliza vyuo ambao hawajapata kazi hata mara moja, na ni haki yasemwe. Lakini yule aliyekwisha fanya kazi miaka mitano, minane au kumi, kisha akajikuta nje ya lango na ovaroli yake mkononi, huyo hatajwi sana. Watu hudhani kwamba kwa kuwa ana uzoefu basi kazi itamfuata yenyewe. Sivyo hata kidogo.

Mimi nimekuwa msimamizi wa karakana hapa Morogoro kwa miaka mingi mpaka nilipostaafu, na barua za maombi ya kazi nimezisoma nyingi. Karibu zote zilikuwa na maneno yale yale: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, niko tayari kufanya kazi yoyote mahali popote." Napenda kuwaambia ndugu zangu kwamba msimamizi ambaye mashine yake imesimama hana haja na mtu wa kazi yoyote. Ana haja na mtu anayejua kubadili beringi, kunyoosha shafti au kuchomelea bomba lisivuje. Barua iliyosema, "Nimehudumia boila miaka minne, zamu ya usiku, nikiangalia maji na moto, na nimewahi kushiriki kubadili mirija yake," hiyo niliiweka juu ya meza, hata kama mwandiko wake ulikuwa kama wa kuku aliyeparua mchanga.

Lakini baada ya barua nzuri hufuata swali moja tu: nani anathibitisha haya? Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Yupo kijana jirani yangu aliyefanya kazi miaka sita katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Aliingia kama kibarua wa kubeba magunia. Akajifunza kwa fundi mzee, pole pole, mpaka akawa anaachiwa mtambo wa kukamua mafuta peke yake usiku kucha. Kiwanda kilipopunguza watu alilipwa fedha zake akaambiwa kwaheri. Tangu hapo anazunguka. Kila anakokwenda anaulizwa cheti cha ufundi, hana, kwa kuwa alijifunzia kazini. Anaulizwa barua ya alikotoka, hana. Alirudi kuiomba, safari ya kwanza mlinzi alimwambia ofisa utumishi ana mkutano, safari ya pili vivyo hivyo, na safari ya tatu akaambiwa kwamba barua hizo hutolewa kwa wale tu waliokuwa na tabia nzuri. Sasa mtu wa miaka sita kwenye mtambo anasimamishwa mstari mmoja na mtu asiyewahi kuugusa, na akibahatika kupata kibarua analipwa sawa na huyo. Miaka sita yote imefutwa kwa kukosa karatasi moja. Ana mke na watoto wawili, na mwenye nyumba hangoji.

Ndugu Mhariri, karatasi hiyo si hisani ya ofisa utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, katika kifungu cha 44 kama ilivyopitishwa na Bunge, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi ajira inapokoma. Sheria haikusema wapewe wenye tabia nzuri peke yao, wala haikusema mpaka mtu arudi mara tatu. Tena sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi tangu siku anapoanza kazi, na ayatunze kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Kwa hiyo jibu la "kumbukumbu zako hatuzioni" nalo halina msingi.

Wapo waajiri wanaodhani kwamba kumpa fundi hati ni kumpelekea fundi huyo mshindani wao. Nashangaa. Kama ulimhitaji sana, mbona ulimpunguza?

Sasa nigeukie upande wa wafanyakazi wenyewe, maana nao wana la kufanya. Hati hiyo idaiwe siku ile ile ya kutoka, mtu akiwa bado ndani ya ofisi na kalamu ya kutia sahihi bado iko mezani. Ukishavuka lango unakuwa mgeni. Kama mwajiri anakataa, nenda kwa Afisa Kazi, au fungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini usikae nyumbani ukisubiri huruma. Siku zinahesabiwa: anayelalamikia kuachishwa isivyo haki ana siku 30 tu, na madai mengine yana siku 60. Wengi huenda huko baada ya mwaka, wakirudishwa wanasema serikali haiwajali.

Wakati shauri linaendelea, zipo karatasi nyingine za kusaidia. Hati za mshahara zisitupwe wala kufungia karanga. Taarifa ya michango ya NSSF nayo inaonyesha ni mwajiri gani alikuchangia na kwa miezi mingapi. Haisemi kwamba wewe ni fundi, lakini inasema ulikuwapo.

Na kwa ufundi wenyewe, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa watu waliojifunzia kazini au mitaani. Mtu hapelekwi darasani kuanza upya. Anapimwa kwa kile anachokijua, kama kina upungufu anaelekezwa, na akifaulu anapewa cheti. Mafundi magari, waashi, maseremala na wapishi wamepita njia hiyo. Huyu jirani yangu nimekwisha mpeleka chuoni kuulizia. Kwa watu wazima wenye aibu ya kupimwa na vijana, nasema aibu hiyo haijazi sufuria.

Halafu kuna suala la wakati na mahali pa kutafuta. Nawaona watu wanapeleka bahasha ishirini kwa walinzi wa malango ishirini, kisha wanakaa. Viwanda vingi vidogo havitangazi nafasi za mafundi gazetini, fundi mkuu huuliza wenzake, "Mnamjua nani?" Kwa hiyo wa kutafutwa ni fundi mkuu, na wa kuambiwa kwamba huna kazi ni wale uliofanya nao zamu, ambao wengine wamekwisha hamia kwingine. Tena kila kazi ina msimu wake. Hapa mkoani kwetu, viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa husimamisha usagaji wakati wa masika, na ndipo mitambo hufunguliwa na kutengenezwa. Mchomeleaji anayekwenda huko baada ya miwa kuanza kusagwa amechelewa; wenzake walikwisha kuonekana wakati mitambo iko wazi.

Wanaotaka kazi serikalini njia yao ni nyingine, ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupitia kwenye mfumo wake wa kompyuta. Huko pana masharti: namba ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, vyeti kamili na wala siyo karatasi za matokeo, na kwa kawaida umri usiozidi miaka 45. Yatimizwe kabla tangazo halijatoka, kwa kuwa likishatoka muda ni mfupi. Anayekupigia simu akitaka fedha ya fomu au ya "kukusogeza mbele" ni tapeli, hata akitaja jina la mkubwa gani. Nimesikia mtu aliyeuza baiskeli yake kwa ajili hiyo.

Lakini hayo yote ya mtafuta kazi hayamwondolei mwajiri wajibu wake. Napendekeza Maafisa Kazi wanapokagua viwanda wasiishie kutazama mikataba ya waliomo ndani. Waombe pia orodha ya waliotoka katika mwaka uliopita, na waulize kila mmoja alipewa hati yake tarehe gani. Vyama vya wafanyakazi navyo, ambavyo hukata ada kila mwezi, viwe na mtu wao siku watu wanapopunguzwa, ahakikishe hakuna anayevuka lango bila karatasi hiyo.

Naomba wahusika watujibu kupitia ukurasa huu: je, hati za utumishi hukaguliwa, na ni waajiri wangapi wamekwisha chukuliwa hatua kwa kuzinyima?

Fundi Mstaafu,
Morogoro.