Magari ya Kesho: Betri au Haidrojeni?

Wapo wataalamu wanaotuambia kwamba gari la kesho si lile la betri, bali ni la haidrojeni. Hujazwa kwa dakika tano tu, wasema, na kinachotoka nyuma ni mvuke wa maji. Hayo ni kweli, wala hatuna haja ya kuyabisha. Ila yampasa mwananchi aulize: haidrojeni hiyo itatoka wapi?

Hivi leo sehemu kubwa mno ya haidrojeni ya ulimwengu hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, na moshi wake huachwa kiwandani. Tukitaka iliyo safi, hatuna budi kuyatenganisha maji kwa umeme, kuishindilia hewa hiyo mitungini kwa kani ipatayo mara 700 ya hewa tuivutayo, kuisafirisha, kisha kuigeuza tena iwe umeme ndani ya gari. Kila hatua hula sehemu yake. Katika vipimo 100 vya umeme, gari la betri hufikisha magurudumuni 70 au zaidi. La haidrojeni, kama 30 hivi. Nchi zetu hazina umeme wa kumwaga namna hiyo.

Tena tazameni yaliyowapata watu wa California. Toyota ilianza kuuza Mirai, gari lake la haidrojeni, huko Japani mwaka 2014, na California mwaka uliofuata. Mwezi Februari 2024 kampuni ya Shell ikavifunga vituo vyake vyote vya haidrojeni vya magari madogo jimboni humo. Gari zima, lisilo na pa kujazia!

Jambo hili latuhusu, kwa kuwa magari mengi yashukayo Dar es Salaam na Mombasa yamekwisha kutumika Japani, nasi hupenda bei nafuu. Mirai ya bei nafuu kwetu ingekuwa pambo la uani.

Malori ya safari ndefu ni neno jingine; huko huenda haidrojeni ikapata kazi.

Wala betri haikosi ila. Ni nzito, huchoka, na kuibadili ni ghali. Anunuaye gari kuukuu la umeme bila kujua hali ya betri yake amenunua sanduku lililofungwa. Kwa hiyo twataka wakaguzi wa magari wapewe vyombo vya kuipima betri, na cheti chake kikabidhiwe mnunuzi kabla hajatoa fedha yake.