Wavu si Kamba ya Kuanikia Nguo

Mwishoni mwa Agosti 2025, kwenye kibanda umiza kimoja hapa Tabora, nilimwomba mwenye kibanda atutafutie mechi ya Kenya na Vietnam. Mashindano ya dunia ya mpira wa wavu ya wanawake, yanachezwa Thailand, timu 32. Jamaa akanitazama kama niliyeagiza supu ya mawe. "Wanawake? Wanacheza nini, rede?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Tukawekewa marudio ya mechi ya Ligi ya Uingereza ambayo matokeo yake kila mtu mle ndani alikuwa anayajua. Kenya walishinda seti tatu kwa bila. Nilikuja kujua baadaye, kwenye simu, peke yangu kama mwizi.

Kicheko kile ndicho kilichonishikisha kalamu. Maana tunamcheka nani, ndugu zangu?

Hesabu pamoja nami. Wanawake wa Kenya wamekuwa mabingwa wa Afrika 1991, 1993, 1995, 1997, 2005, 2007, 2011, 2013, 2015, halafu 2023 kule Yaoundé wakawafunga Misri kwenye fainali. Mara 10! Olimpiki wamekwenda Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo mwaka 2021 na Paris 2024. Kaka zao wa kandanda, Harambee Stars, hawajawahi kukanyaga fainali za Kombe la Dunia. Taifa Stars yetu ndiyo usiseme. Lakini nenda kijiweni uulize nani ana haki ya kuonekana kwenye runinga.

Mjuaji mmoja ataniambia, "Mbona Paris walipigwa mechi zote?" Ni kweli, walipigwa na Brazil, Poland na Japani. Lakini anayepigwa Paris kafika Paris. Sisi bendera yetu haijawahi kuonekana kwenye mashindano ya dunia ya wavu ya wanawake, hata siku moja. Na hao ni majirani, tunapakana, ugali tunaokula ni uleule.

Visingizio navijua, nimevisikia tangu utoto. Cha kwanza ni kimo: eti wasichana wetu wafupi. Haya, twende Tokyo 1964, mwaka wavu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Nani alichukua dhahabu ya wanawake? Japani. Na wengi wa wasichana wale walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Nichibo, pale Kaizuka. Mchana kazini, jioni na usiku mazoezini na kocha Hirobumi Daimatsu, mtu mkali asiyejua huruma. Wakawaangusha Wasovieti waliowazidi urefu na misuli. Wasichana wa kiwandani! Sasa nasi pamba inalimwa Igunga na Nzega, na hapa Tabora kilijengwa kiwanda cha nyuzi. Nani aliwahi kuwaza kwamba kiwanda kinaweza kutoa nyuzi na mabingwa?

Kisingizio cha pili, fedha. Kwani Kenya fedha zimeanguka kutoka mbinguni? Ukitaka kujua siri yao, tazama majina ya klabu zao: Kenya Pipeline, watu wa bomba la mafuta, KCB, benki, Kenya Prisons, magereza. Msichana akimaliza shule anapata mahali pa kuchezea, na mahali hapo pana mshahara. Ndiyo siri yote. Hakuna mganga.

Cha tatu ni nguo, eti kaptura inavunja heshima. Hapo sitapoteza wino. Binti yuleyule akiinama shambani kwenye tumbaku tangu alfajiri, jasho linamtiririka, nguo zimechanika, hakuna anayeuliza habari ya heshima.

Sasa nije kwangu, nisije nikajifanya mtakatifu.

Nina mdogo wangu wa kike. Shule aliyosoma, siitaji jina, haikuwa na wavu. Walifunga kamba ya kuanikia nguo kati ya miembe miwili, wakaruka juu ya vumbi. Wavu wa wanawake unatakiwa uwe mita 2.24 kutoka chini; kamba yao ilimfika mtu mzima kidevuni, kwa sababu hakuna aliyewaambia kipimo. Hata hivyo aliruka. Nimemwona kwa macho yangu akining'inia hewani kama mtu aliyesahau kurudi chini, kisha anapiga mpira, paa! Alipomaliza kidato cha nne ikawa ndiyo mwisho. Hakuna klabu, hakuna aliyebisha hodi, hakuna hata barua. Leo anauza asali kwenye chupa za maji pale stendi. Ni kazi halali, siidharau. Ila mabega yale yalikuwa na kazi nyingine.

Na mimi kaka yake, mwandishi mtarajiwa, niliandika nini miaka yote hiyo? Mashairi ya mapenzi. Hadithi mbili za Simba na Yanga. Moja ya jambazi wa Dar es Salaam, na Dar nilikuwa sijafika. Siku moja nikiwa nasahihisha mswada pale kibarazani akaniambia, hata hakunikazia macho, "Kaka, wewe unaandika kila siku. Mimi umewahi kuniandika?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Ndiyo maana nasema kosa hili ni la kwetu pia, sisi wenye kalamu. Mji huu uko juu ya njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji. Tunajisifu sana kwa wapagazi wa Kinyamwezi, miguu ya chuma, pembe za ndovu mabegani. Lakini wanawake nao walikuwamo misafarani. Walibeba vyungu, chakula, mikeka, na mtoto mgongoni juu ya mzigo. Walitembea njia ileile, jua lilelile. Wakina Burton na Stanley wamejaza vitabu. Nitajie majina ya wanawake kumi wa misafara ile. Nitajie matano. Walitembea, hawakuandikwa, wamefutika.

Na sisi tunarudia mchezo uleule. Mwaka 2022 michezo ya UMISSETA ilifanyika hapahapa Tabora, wasichana wa nchi nzima wakaruka mbele ya macho yetu. Nani kati yetu wasomaji wa jarida hili aliandika walau ukurasa mmoja? Halafu tunalalamika ati mada zimekwisha, fasihi imekauka!

Sitaki semina wala hotuba ya mgeni rasmi. Nataka mambo matatu. Kila shule ya sekondari ya mkoa huu iwe na kiwanja cha mita 18 kwa 9, milingoti miwili na wavu wa kweli. Gharama yake haifiki ya shughuli moja ya mapokezi ya kigogo. Halmashauri, mabenki na wanunuzi wa tumbaku waajiri wasichana wenye vipaji na kuunda timu. Kazi hii tusiwaachie majeshi peke yao, wameubeba wavu miaka mingi. Na sisi, mshikaji, twende viwanjani na daftari.

Mimi nimeshaanza. Jumamosi iliyopita nilinunua futi kamba ya fundi seremala, nikaenda na mdogo wangu kwenye ile miembe miwili. Tukapima. Tukaipandisha kamba hadi 2.24. Watoto wa jirani wakatazama juu, mmoja akasema, "Dada, mbona mbali?"

Akamjibu, "Ruka."

Mwenye kibanda, akitaka kucheka, aje acheke pale uwanjani.